Utitiri wa Mijusi, Papasi wa Chumba cha Uani

"Dada, juu ya nini ninyi hamugonjwe?"

Mgeni wetu aliniuliza hivyo asubuhi moja, amekaa kizingitini mwa chumba cha uani, mtoto wake kamlaza mapajani, kichwa cha mtoto kimefunikwa khanga iliyoloweshwa maji. Kwa Kiswahili cha kwao, ng'ambo ya ziwa, "juu ya nini" ni kwa nini. Alitaka kujua kwa nini katika nyumba moja, wanaokula chungu kimoja na kuchota maji pipa moja, homa imemchagua yeye na mwanawe na kutuacha sisi watano bila hata kuumwa kichwa. Nilikuwa na shahada ya elimu ya wanyama iliyotimiza miezi mitatu, na kioo cha kukuzia mfukoni. Nikamwambia ni kwa sababu sisi tunalala kwenye vyumba vya saruji.

Halikuwa jibu, na nililijua hilo wakati ninalitoa. Shangazi alikuwa amelala nao chumba kile siku sita mfululizo, akimsaidia kumkanda mtoto. Mikono yake ilikuwa na alama za kuumwa na wadudu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mzima, anatwanga kisamvu. Nilimwona, nikasikia mchi wake, na bado nikatoa jibu lile la saruji kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kushika mijusi.

Mwaka ule vita ya ng'ambo ilishuka mpaka ufukweni, watu wakawa wanavuka kwa chochote kinachoelea. Kigoma mjini walijaa uwanja wa mpira na varanda za shule. Wanawake walipikia pembeni mwa barabara, watoto wamelala juu ya vifurushi. Kwetu Ujiji wengine hawakwenda uwanjani. Familia nyingi za huku asili yake ni ng'ambo, kwa hiyo mtu aliweza kutoka majini na kupanda moja kwa moja akiuliza nyumba ya fulani mwana wa fulani. Yeye aliuliza nyumba ya babu yangu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Kwa hesabu iliyofanywa siku ile barazani, babu yake na babu yangu walikuwa watoto wa ndugu. Nilikaa pembeni nikijiuliza shangazi anakubalije hesabu ya ukoo isiyo na ushahidi wowote isipokuwa majina matatu ya marehemu. Shangazi hakuhitaji la nne. Alimpokea mtoto mgongoni, akaenda kuchemsha maji.

Mume wa mgeni alibaki upande ule, kwenye watu waliokuwa wakisubiri boti ya pili. Mpaka mgeni anaondoka kwetu, habari za boti hiyo hazijafika. Alikuwa amekuja na mtoto wa kike wa miaka mitatu, sufuria moja, na furushi la nguo ambalo lilikuwa bado linatoa maji ya ziwa.

Nyumba yetu iko Kasingirima. Mbele ina vyumba vinne ambavyo baba mdogo alivipiga sakafu ya saruji. Uani kuna chumba kimoja cha udongo, chumba cha bibi, mama yake baba. Bibi alipofariki chumba kilifungwa kufuli, na siku mgeni alipokuja kilikuwa kimefungwa miaka sita. Kwetu mgeni wa kupita analazwa chumba cha mbele, karibu na mlango. Ndugu aliyetoka mbali analazwa kwa bibi, juu ya kitanda cha bibi kama kipo au jamvi lake kama kitanda hakipo, ili ajue kwamba amefika kwao. Ni heshima kubwa. Kitanda kilikuwa kimeliwa na mchwa. Shangazi alifungua kufuli, akafagia, akakandika upya sehemu ya sakafu iliyochimbika, akalitoa jamvi la bibi darini na kulipiga jua mchana mmoja. Mgeni alilia alipooneshwa chumba. Nilimsikia akimwambia mwanawe kwamba sasa wamefika.

Siku ya tisa mtoto alishikwa na homa. Siku ya kumi na moja mama yake.

Zahanati waliwapa dawa ya malaria, homa ikashuka siku ya nne, sote tukashukuru. Baada ya wiki moja ikarudi, kali kuliko ya kwanza, mtoto akawa anatapika kila anachonywa. Ikashuka tena yenyewe. Ikarudi. Mara ya tatu muuguzi alimtazama mtoto mgongoni, akaona alama nyekundu zenye kitone cheusi katikati, akasema hii si malaria, hii ni homa ya papasi. Sindano yake ilikuwepo mwezi uliopita. Watu walivyoongezeka vile, dawa zote zilikuwa zimekwisha, na yeye mwenyewe hakujua zingekuja lini.

Tulirudi nyumbani, nikachukua kibanzi cha mwanzi nikachokoa ufa ulio kati ya ukuta na sakafu, nyuma ya jamvi. Walikuwemo. Papasi ni jamaa ya kupe, ila hana gamba gumu. Ni kama kipande cha ngozi kilichokunjamana, rangi ya udongo wenyewe. Anatoka watu wamelala, ananyonya nusu saa, anarudi ufani. Nilitoa watano kwa kibanzi, nikawatia kwenye chupa tupu ya vidonge na kuziba kwa pamba. Sikuwa na sababu yoyote. Wakati ule nilikuwa natia kila mdudu kwenye chupa.

Kazi yangu ilikuwa wadudu wa mijusi. Mwalimu wangu wa chuo kikuu alikuwa amenipa swali moja na mirija mia mbili ya kioo: utitiri unaoishi kwenye mjusi wa namna moja, je, unaweza kuishi kwenye mjusi wa namna nyingine? Nilikuwa nikitoka saa mbili asubuhi na ufito mrefu wenye kitanzi cha mshipi nchani, nikipita Gungu mpaka kwenye kuta za mawe, kuwasaka wale wakubwa wenye vichwa vya rangi wanaopiga pushapu juani. Kitanzi unakipitisha kichwani polepole. Mjusi anautazama mshipi kama hauhusiani naye kabisa, kisha unavuta. Vijana wa kijiweni walikuwa na lao kila nikikosa.

"Dokta, mgonjwa wako katoroka kule!"

Mwingine alitaka kujua kama nawaandikia vidonge au sindano. Kinamama walikuwa wakali zaidi, maana waliuliza kwa huruma: miaka yote ile ya shule, na karo ya ukoo mzima, ukashike mijusi? Mijusi kafiri wa majumbani niliwapata bure. Jirani yetu mmoja mzee, ambaye kuwaua aliona ni thawabu, aliniruhusu kuingia kwake kila asubuhi kwa sharti kwamba nisirudishe hata mmoja.

Chini ya kioo cha kukuzia, yule mkubwa wa juani ana utitiri mwekundu kama chembe za pilipili ya kusaga, umejipanga chini ya magamba ya shingo na kwapani. Mwili wake umekuwa bapa na mpana, unaingia chini ya gamba lile kama kadi kwenye bahasha yake. Mjusi kafiri naye ana utitiri wake, mwekundu vilevile, lakini wa umbo jingine, unaokaa vidoleni na kwenye ukingo wa jicho. Niliwakuta mijusi wa namna hizi mbili wakiishi ukuta mmoja, wanapishana kwenye ufa mmoja, na utitiri haukuchanganyika hata siku moja. Nilijaribu kuuchanganya mwenyewe. Niliuhamisha kwa ncha ya sindano, kumi kumi, kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Ulitembea juu ya ngozi ngeni, ukarudi, ukatembea tena, kama mtu anayetafuta mlango. Haukuzamisha mdomo. Siku ya tatu ulisinyaa, siku ya nne ulikuwa umekufa wote. Ule niliouacha ndani ya mrija bila mjusi yeyote ulikufa siku hiyo hiyo ya nne.

Sikuwa mtu wa kuamini haraka. Darasani nilikuwa nikimchosha mwalimu kwa kuuliza amejuaje, na aliposema imeandikwa, nilimuuliza aliyeandika alijuaje. Lakini hili nililiona kwa macho yangu. Mdudu na mnyama wake wametengenezana kwa muda mrefu mno, kizazi kwa kizazi, mpaka mdudu hana pengine pa kwenda. Mwondoe kwa mwenyewe, umemuua. Nilirudia jaribio mara sita na kila mara lilijibu hivyo hivyo. Nchi ile, mwezi ule, hakikuwepo kitu kingine kilichonijibu vile vile mara sita. Redio ilisema hili asubuhi na jingine jioni. Boti zilizosemekana zimezama zilifika, na zilizotegemewa hazikufika. Nilishikilia mijusi wangu.

Kisha likaja tangazo. Wote waliovuka wapelekwe kambini, upande wa Kasulu, na nyumba iliyo na mgeni itoe taarifa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kwa mtaa wetu kulikuwa na nafasi ndogo ya kupumua: mjumbe akiandika kwamba mtu ni ndugu wa nyumba inayojulikana na hana tatizo lolote, karatasi yake iliwekwa kando na hakuna aliyemfuata. Mjumbe wetu alikuwa fundi wa karabai, zile taa za wavuvi wa dagaa, mtu mwenye vidole vilivyoungua na sauti ya chini. Alikuwa ameshaandika karatasi mbili za namna hiyo. Ya kwetu angeiandika pia. Lakini siku mbili kabla, mtoto wa nyumba ya nne kutoka kwetu alishikwa na homa, na mama yake akasimama bombani akasema wazi kwamba wageni wa kwetu wameleta papasi mtaani.

Mjumbe alikuja saa nne asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda uani badala ya barazani, ili akione chumba. Mgeni alikuwa amekaa mlangoni na mtoto. Ilikuwa homa ya nne ya mtoto yule, na alikuwa amekonda mpaka shingo haiwezi kichwa. Shangazi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mjumbe alimsalimia mgeni, akamuuliza hali, akaangalia mtoto kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sote tulilijua: lori linaondoka kesho kutwa, liko wazi, njia ni mbovu, na mtoto katika hali hiyo yeye mwenyewe asingempandisha. Angependa waandikwe ndugu wabaki. Lakini kama hii homa imekuja nao, na yeye akaandika hawana tatizo, mtaa wote utamshika yeye. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu, mimi sikusoma. Nisaidie kwa hili moja tu. Papasi hawa ni wetu au ni wao?"

Ningeweza kusema sijui. Nimeliangalia hilo mara nyingi sana, na hakuna mahali ninapoweza kujificha. Nilikuwa msichana aliyewahi kumwambia profesa kwamba mimi sijui, mbele ya darasa zima, na nikaona fahari. Ningesema sijui, naye angeandika karatasi. Alikuwa ameshaishika kalamu.

Niliwaza kwa dakika nzima, na niliwaza vizuri, kwa mpangilio. Nikamwambia chumba kilifungwa miaka sita. Mdudu anayeishi kwa damu hawezi kukaa miaka sita bila damu. Wa mijusi, nimewahesabu mwenyewe, hawamalizi siku nne. Sisi tumeishi nyumba hii miaka yote na hatujaugua homa hii. Kwa hiyo hawakuwa humu.

"Kwa hiyo wamekuja nao," mjumbe alisema.

"Wamekuja kwenye jamvi."

Mgeni aliinua uso. Hakuwa amekasirika, alionekana kama mtu anayetaka kumsahihisha mtoto wa watu bila kumtia aibu.

"Dada, jamvi ni lenu."

Ilikuwa kweli. Alikuja na sufuria na furushi. Nilikuwa nimelisahau jambo ambalo nililiona kwa macho yangu mwenyewe, na lilipowekwa mbele yangu sikusimama. Nikasema basi ni kwenye furushi la nguo. Nguo zilizotoka majini, zikakamuliwa, zikaanikwa siku mbili kwenye kamba ile pale, mbele ya macho yangu. Nilisema hivyo kwa sauti ile ile ya kujua. Mjumbe alimtazama shangazi, akingoja kama ana neno. Shangazi alipepeta ungo, akatoa kijiwe, akakitupa. Kalamu ikarudi mfuko wa shati.

Lori liliondoka saa tatu, siku waliyosema. Shangazi alimfungia mgeni unga, dagaa, na chupa ya maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto. Mgeni aliagana na kila mtu kwa zamu, mimi nikiwa wa nne. Aliniambia nimsalimie mwalimu wangu wa mijusi. Sikujua kama ni utani. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni kwa khanga mbili, na wakati lori linageuka kichwa chake kiliyumba kikalala upande wa pili, chenyewe tu, hakuna aliyekishika.

Chumba kilipuliziwa dawa, kikafungwa. Niliendelea na mijusi wangu, nikamaliza mirija. Wiki ya saba tangu nichokoe ule ufa nilianza kufunga vitu nirudi Dar es Salaam. Nyuma ya mirija, kwenye rafu, nilikuta ile chupa ya vidonge.

Nilidhani nimekuta maganda. Nikawamwagia kiganjani. Kwa sekunde chache hawakufanya lolote, kisha joto la mkono likawafikia, mmoja akainua mguu wa mbele, akauchezesha hewani, akaanza kutembea kuelekea kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wangu. Wa pili akamfuata. Wote watano walikuwa hai, wamekondeana kama karatasi, na walikuwa wanajua wanakokwenda. Siku arobaini na saba bila tone la damu.

Niliwarudisha kwenye chupa na nikakaa sakafuni. Siku arobaini na saba si miaka sita, nilijiambia, na huo ulikuwa ukweli. Lakini nilikuwa nimesema siku nne. Nilichukua hesabu ya mdudu mmoja nikampa mwingine, kisha hesabu hiyo ikapandishwa lori.

Nilikwenda mbio kwa mjumbe, chupa mkononi. Alikuwa na karabai imefunguliwa vipande mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiangalia chupa dhidi ya mwanga, akaniambia karatasi zote zilishapelekwa wilayani na hakuna namna ya kumrudisha mtu kutoka kambini kwa chupa. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama pamba imekaa sawa, maana ana wajukuu.

Kesho yake nilipata nafasi juu ya lori la mihogo mikavu. Tulipita Kidahwe, tukasimama, tukapakia, tukasimama tena, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nilikuwa na vidonge vya antibiotiki nilivyoomba kwa mtu mmoja hospitalini, nimevifunga kwenye leso. Njia nzima nilipanga maneno. Nitamwambia nilikosea. Nitamwonesha wadudu. Nitamwambia anywe hivi, mtoto anywe nusu. Nilikuwa bado naamini kwamba jambo likishajulikana sababu yake, linatengenezeka.

Ilinichukua siku mbili kumpata, nikiuliza hema kwa hema, kwa jina la kijiji chake. Alikuwa anapiga udongo wa kibanda, miguu imejaa matope, na alikuwa amepona. Uso ulikuwa umejaa kidogo. Aliniona akacheka, akanawa mikono, akatandika kipande cha turubai nikae. Nilitazama mgongoni kwake, kisha ndani ya kibanda, kisha nikaacha kutazama.

"Alipumuzika njiani," alisema. "Mbele ya kufika. Walitupatia nafasi ya kumuzika, walikuwa watu wazuri."

Nilisema pole. Chupa ilikuwa kwenye mkoba wangu, nikaiacha humo. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kuja kukiri, na mbele yake niliona kwamba kukiri kungekuwa kumtwisha yeye mzigo wa kunijibu. Labda hiyo nayo ilikuwa hila. Sijaweza kuamua. Nilimpa vidonge, akavishika kwa mikono miwili, akasema atampa mwenye kuumwa. Kisha akauliza habari za shangazi, na kama kile chumba tumekitia dawa, maana alikuwa akiogopa tusije sisi tukapata ile homa.

Nilirudi chuoni. Ripoti ya mijusi ilisifiwa. Kila nilichoandika mle kilikuwa sahihi.

Baadaye, nikiwa nafanya kazi maabara, nilisoma kuhusu papasi kwa utulivu ambao ningepaswa kuwa nao siku ile. Anaweza kukaa ndani ya ufa mkavu miaka mingi, bila kula, akingoja. Vijidudu vya homa vinakaa ndani yake wakati wote huo, na jike anavirithisha kwenye mayai. Wanaozaliwa kwenye nyumba yenye papasi huumwa nao tangu wachanga. Wasiokufa utotoni miili yao huzoea, na wakiumwa tena ukubwani hawashikwi sana au hawashikwi kabisa. Anayeugua vibaya ni yule aliyeingia juzi. Mimi mwenyewe nililala kwenye jamvi lile na bibi mpaka nilipoanza shule. Mjusi na utitiri wake, wanaokaa pamoja miaka yote bila mmoja kummaliza mwenzake, walikuwa wamenionesha jambo hilo kila asubuhi, na mimi nikachukua kwao siku nne tu.

Nilimweleza shangazi hayo yote mwaka jana, mbele ya nyumba, sasa akiwa haoni vizuri. Nilidhani nitampa habari mpya. Alinisikiliza akasema ndiyo, ile homa ya chumba cha mama. Kila mke aliyeletwa nyumba ile alilazwa humo mwaka wa kwanza, kwa heshima, na kila mmoja aliugua, ikaenda ikirudi mpaka akazoea nyumba. Waliichukulia kuwa ndiyo desturi ya mwili wa mgeni. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile mjumbe alipomtazama.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Nilidhani unajua."

Kisha akanihesabia walioolewa mle, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa watatu. Wa kwanza alitoka ng'ambo, akaugua mara nne akapona. Wa pili alitoka Tabora, mimba ikatoka. Wa mwisho alikuwa mama yangu, aliyeletwa kutoka Kidahwe, safari ya asubuhi moja tu, na homa ilipomshika alikuwa na mimba yangu ya miezi mitano.